Jina Lililozimwa Redioni

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: redio itaje jina la kaka yako, na kabla haijasema kama yu hai au amekufa, mtu aizime. Ungemfanya nini mtu huyo? Na kama mtu huyo ni baba yako mzazi?

Mimi sikumfanya kitu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeshika sufuria ya uji kwa matambara mawili, na vidole vilikuwa vinaungua lakini sikuiweka chini. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba nikiutazama mkono wa baba pale kwenye kitufe.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, mwaka wa hamsini na tisa, bendera ya Mwingereza bado inapepea bomani Arusha. Kwetu ni juu ya Kikatiti, kupanda mlima mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu asiye na mzigo. Mvua za masika zilikuwa hazijakwisha, na ukungu ulikuwa umekaa kwenye migomba toka alfajiri, hata mlima wenyewe hatukuuona siku nzima.

Redio hiyo baba, Mzee Sumari, aliinunua mwaka ambao kahawa ilizaa vizuri. Ilikuwa sanduku la mbao la rangi ya hudhurungi, mbele limezibwa kitambaa kama cha gunia laini, na vitufe viwili. Cha kulia kilitafuta stesheni. Cha kushoto kilifungua na kuongeza sauti. Nyuma yake kulikuwa na betri moja kubwa kama tofali. Waya mmoja ulitoka dirishani ukapanda mpaka juu ya mti wa mgrevilea, na mwingine ulishuka ukaingia ardhini chini ya dirisha. Sauti ikififia, mama alikuwa anatoka na kata ya maji anaumwagilia huo wa ardhini, kama mtu anayemwagilia mche wa kahawa, na kweli sauti ilikuwa inapanda. Usinicheke. Kila aliyekuwa na redio kwetu alifanya hivyo.

Baba aliifungua mara tatu tu kwa siku: asubuhi kwa habari na matangazo, saa kumi matangazo yaliporudiwa, na jioni habari tena. Akimaliza, tak, anazima, na kitambaa cha kufuma kinarudi juu yake. "Betri haioti shambani," ndivyo alivyosema.

Sasa kuhusu jina. Kaka yangu, mtoto wa kwanza, aliitwa Dismasi. Alikuwa mpima kahawa kwenye ghala la chama cha ushirika huko Usa River, kijana mrefu, mcheshi, anayeimba besi kanisani. Akampenda Tunu, binti wa Bwana Abdulrahim mwenye duka pale Kikatiti. Akasilimu, akaoa kwa kadhi mjini Arusha, akaenda na mke wake Dar es Salaam kufanya kazi bandarini. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri. Siku alipopata habari alishuka Kikatiti siku ya soko, watu wamejaa, akapiga teke debe la chumvi la Bwana Abdulrahim likamwagika barabarani.

"Umeniibia mtoto kwa kanzu na ubani!" akamwambia. "Jina lake nisilisikie tena. Mtu wa nyumba yako akipanda mlima kunitajia jina hilo, nitamkata kwa panga hili."

Bwana Abdulrahim alikuwa amechuchumaa anaizoa chumvi kwa viganja. Hakunyanyua hata sauti. "Wallahi, Mzee Sumari, mimi sitakutajia. Utalitamka wewe kwanza, hapa hapa kwenye baraza yangu, ndipo na mimi nitalitamka. Na nyumba yangu yote imesikia."

Toka siku hiyo jina likafa nyumbani kwetu. Na wewe unajua, mtu akishazaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mama yangu Anande alikuwa Mama Dismasi kwa miaka ishirini na mitano. Kesho yake asubuhi akaambiwa yeye ni Mama Susana, kwa jina langu. Alikuwa akiitwa kisimani hageuki. Si kiburi, masikio yake hayakulijua jina hilo. Miaka mitatu alikaa hivyo, na hakuwahi kujibizana na baba hata neno moja.

Basi, Jumamosi hiyo. Habari zikaisha, yule bwana wa Dar es Salaam mwenye sauti ya taratibu akasema yafuatayo ni matangazo ya vifo, ya wagonjwa na ya watu wanaotafutwa. Yalikuwa yanachanganywa pamoja, hilo ndilo lililotutesa. La kwanza, mtu amefariki Tabora, ndugu zake walioko Kilosa waambiwe. La pili, kijana wa Lindi anatafutwa na mama yake. Halafu akasema:

"Dismasi Sumari, wa..."

Tak.

Baba mwenyewe nadhani hakujua amefanya nini. Kwa miaka mitatu kila aliyeanza kulitaja jina lile alikatwa kauli: mimi, wajomba, mchungaji. Mkono ulikuwa umeshazoea. Lakini ukabaki pale kwenye kitufe, haufungui wala hauondoki.

"Fungua," mama akasema.

Matone ya ukungu yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati.

"Baba Susana, fungua."

Akafungua. Tukasikia bendi ya polisi, matarumbeta na ngoma kubwa. Matangazo yalikuwa yamekwisha.

Pale nje ya dirisha alikuwa amesimama jirani yetu Ephraimu na jembe lake begani. Yeye hakuwa na redio, alisikiliza yetu bure kila asubuhi na kusema ya kwetu ina sauti mbaya. Akaingiza kichwa. "Mbona mmezima? Mama Dis... Mama Susana, si wametaja..."

Baba alimtazama. Ephraimu akatoa kichwa chake. Lakini hakwenda mbali, nilikiona kisigino chake nyuma ya mgomba.

Mama akachukua kigoda, akakiweka mbele ya redio, akakaa. Akautoa mkono wa baba kwenye kitufe, kidole kimoja kimoja, kama unavyomtoa mtoto kisu, akaweka wa kwake. "Leo haizimwi," akasema.

"Matangazo ni saa kumi. Betri itakwisha kabla."

"Na kama watarudia saa tatu? Na kama watarudia sasa hivi?"

"Hawarudii."

"Ulijua wangemtaja? Basi hujui watarudia saa ngapi."

Baba akachukua panga lake la kupogolea, akatoka.

Nimeishi miaka mingi, nimesikia redio nyingi, lakini sijawahi kuisikiliza redio kama siku ile. Alikuja bibi mmoja wa kipindi cha akina mama, akaeleza namna ya kumchemshia mtoto maziwa na kufunika chombo nzi wasiingie. Sauti tamu, anacheka kidogo katikati ya maneno. Mama alimsikiliza kwa jicho lililotoka, kama hakimu. Kila bibi yule aliponyamaza kuvuta pumzi, mama alinyanyua kidevu: sasa anasema. Hakusema. Aliaga, likaja somo la afya kuhusu vyoo, likaja gitaa, halafu saa tatu na nusu stesheni ikafunga mpaka adhuhuri, ikabaki ikivuma tu shhh, shhh.

"Mama, wamefunga," nikasema. "Tuizime, tutunze betri."

"Acha."

"Ni upepo tu huo."

"Acha, Susana. Wakifungua, nitakuwa hapa."

Akasikiliza upepo ule kwa saa mbili na nusu. Nikampelekea loshoro, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, haikuguswa. Nikatoka nikamwagilia waya, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa imelowa chepechepe. Kuna wakati mtu hutaka mikono yake ifanye kitu.

Na baba? Shamba letu lilikuwa na migomba isiyopungua mia mbili, inashuka mpaka korongoni. Lakini siku ile alipogoa ile sita tu ya karibu na dirisha. Alikata majani makavu, akakata yaliyoanza kukauka, akaanza na mabichi. Sufuria ikidondoka ndani, panga linanyamaza. Nikikohoa, linanyamaza. Ephraimu akapitia upande wa uani, akaniita kwa mkono.

"Susana. Mwambie baba yako ile migomba haijafanya kosa lolote."

"Mwambie mwenyewe."

"Mimi? Mwenye panga ni yeye." Akashusha sauti, kicheko kikatoweka usoni. "Mwanangu, mimi nadhani kule chini wanajua. Duka la Abdulrahim redio haifungwi toka asubuhi. Lakini nani atapanda kutuambia? Baba yako alishaapa kumkata atakayekuja."

Na ilikuwa kweli. Habari yenyewe labda ilikuwa kwenye baraza ya Abdulrahim toka saa moja, imekaa kwenye benchi, inashindwa kupanda mlima kwa ajili ya panga la baba yangu.

Saa sita stesheni ikafungua. Ngoma, halafu habari kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Gavana amefungua daraja mahali. Ikaja taarabu, mwanamke anaimba juu ya kifua kinachoficha siri, na mama akasema, "Nyamaza mama wee, wengine tunasubiri." Nilitaka kucheka nikaona machozi yanamshuka, basi nikaacha. Bwana Shamba akafuata na maradhi ya kahawa, namna ya kupiga dawa na kuchoma majani yenye madoa. Siku nyingine baba angekuwa amekaa na penseli. Siku hiyo hata hakusogea.

Katikati ya Bwana Shamba sauti ikaanza kwenda. Kwanza ilikonda, kama mtu anaongea kutoka chumba kingine. Mama akaongeza kitufe. Ikapanda, ikashuka. Akaongeza tena mpaka mwisho. Nikaichomoa betri, nikaipeleka jikoni nikaiweka karibu na mafiga ipate joto, maana jua la kuianikia halikuwepo. Nikahesabu mpaka mia tano. Tulipoirudisha ilisema maneno kumi hivi, wazi kabisa, "mkulima hodari hangoji kesho," ikawa kama mbu, halafu hata mbu akaondoka.

Saa yetu ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika tano.

Mama hakulia. Aliondoa mkono kwenye kitufe, kiganja kilikuwa kimeacha jasho juu ya mbao. Akatoka nje mpaka pale kwenye migomba iliyobaki mashina tu, akasimama mbele ya baba. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Nimekaa miaka mitatu nikiitwa jina la mtoto wangu wa pili kama vile wa kwanza sikumzaa," akasema. "Sikukuuliza. Leo nakuuliza. Nimlilie au nisimlilie?"

Baba alitazama panga lake.

"Nijibu. Kama amekufa nivue kitambaa kichwani niwaite wanawake. Kama hajafa nipike. Mimi siwezi kukaa katikati. Nijibu, au nishuke mwenyewe kwa Abdulrahim nikaulize."

Baba akalichoma panga kwenye shina la mgomba. "Susana," akasema, "chukua hela kwenye kopo. Tunakwenda kununua betri."

Tulishuka kwa miguu mitupu, viatu mkononi, kwa sababu ya utelezi. Baba alikuwa mbele, mimi nyuma. Mto wa kwanza ulikuwa umejaa, tukavuka kwa kushikana mikono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko maji. Mara moja tu, pale kwenye mteremko wa kanisa, alisimama akageuka.

"Wa wapi? Alisema 'wa' nini?"

"Hakumaliza, baba. Ulimzima."

Akaendelea kushuka.

Tulifika Kikatiti saa tisa na nusu. Baraza ya Bwana Abdulrahim ilikuwa na watu kama kumi na wawili, wengine wamekaa juu ya magunia, redio iko dirishani inapiga muziki wa dansi. Walipotuona maongezi yalikatika. Mtu mmoja, Simel mnunuzi wa ngozi, aliyekuwepo siku ya chumvi, akaondoa miguu yake njiani taratibu. Nikawatazama nyuso. Ukitaka kujua kama umefiwa watazame watu wasiokupenda. Lakini wote waliangalia chini.

Bwana Abdulrahim alikuwa nyuma ya meza yake, kofia nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa amezeeka.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko juu?" Akamgeukia baba. "Karibu, Baba..." Akakoma hapo. Kila mtu alijua neno linalofuata. "Karibu, Mzee Sumari."

"Nataka betri," baba akasema.

"Betri ipo."

"Nipe moja."

"Nikikupa, utafika mlimani saa kumi na moja imepita. Matangazo ni saa kumi. Utasikiliza nini, kwaya?"

Hakuna aliyecheka. Baba akaweka hela mezani. Sarafu moja ikabingirika ikaanguka, na hakuna aliyeiokota.

Kwenye pazia la nyuma nilimwona Bi Arafa, mkewe. Macho yake mekundu. Nikamfuata, nikamshika kanga. "Mama, wamesema nini asubuhi? Niambie mimi, mimi sikuapa."

Akafungua kinywa. "Mwanangu, kaka yako..."

"Arafa!" Bwana Abdulrahim hakugeuka. "Mimi niliapa kwa Mungu, na nyumba yangu nikaiapisha. Sijalala vizuri kwa kiapo hicho. Toka saa moja asubuhi nakitafutia mlango, nimekwenda hata kwa shehe. Lakini mlango ni mmoja, na amesimama hapo anauliza betri." Sasa alivua miwani. "Sumari. Kuna basi la kwenda Moshi linapita hapa saa kumi. Sina muda wa kukukomoa, na sina nia. Umekuja kumuuliza nani?"

Baba alikuwa anaangalia redio. Gitaa lilikuwa linaendelea, jepesi, la furaha. Simel akasema taratibu, "Mzee, sema. Hapa hakuna anayecheka."

"Mwanangu," baba akasema.

"Una watoto wangapi? Yupi?"

"Abdulrahim, usinifanyie hivi."

"Mimi nimefungwa kama wewe. Nifungue."

Na baba yangu, mzee wa kanisa, aliyekuwa akimzima kila mtu, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Dismasi," akasema. Sauti ilitoka ndogo, imepauka, kama kitu kilichofungiwa sandukuni. Akarudia kwa nguvu. "Dismasi! Dismasi wangu, yu hai?"

"Yu hai!" Bwana Abdulrahim alisema kabla hata hajamaliza, akazunguka meza, akamshika mabega. "Dismasi yu hai, alhamdulillahi. Kreni ya bandarini imeangusha mzigo, umemvunja paja na mbavu. Amelazwa hospitali Dar es Salaam, atapasuliwa Jumatatu. Wamesema anamwomba baba yake afike. Hakutaja mtu mwingine, hata mimi mkwe wake. Baba yake tu."

Bi Arafa akapiga kelele ya kushukuru, mimi nikakaa sakafuni. Simel akatoka nje mbio, akamkamata Ephraimu. Kumbe alitufuata toka nyumbani, yuko nyuma ya mti barabarani. "Panda juu!" akamwambia, nami nikapaza sauti toka ndani: "Mwambie Mama Dismasi apike!" Na Ephraimu, mtu mzima mwenye mvi, akapanda ule mlima anakimbia.

Saa kumi kamili yule bwana wa sauti ya taratibu akarudia matangazo. Tabora. Lindi. Baba alisimama mbele ya dirisha, mikono imening'inia, akaisikiliza redio mpaka mwisho: jina, hospitali, wodi, ombi. Hakuna aliyegusa kitufe.

Gari likapiga honi. Bwana Abdulrahim alikuwa ameshavaa koti, na mkononi ana kikapu cha maandazi na blanketi mbili. "Nafasi ni mbili, mpaka Dar es Salaam," akasema. "Nilizishika toka asubuhi. Sikujua kama ya pili itakaliwa."

Baba akapanda na miguu yake ya matope, viatu vyake bado nilikuwa navyo mimi. Nikamrushia. Dereva akauliza wazee wanakwenda wapi kwa haraka hiyo, msibani au harusini. Bwana Abdulrahim akataka kujibu, lakini baba alimtangulia, kwa sauti ambayo watu wote wa baraza waliisikia:

"Nakwenda kumleta Dismasi nyumbani, yeye na mke wake Tunu. Hicho ndicho nilichokitaka toka siku ile alipoondoka."